Rambirambi kwa Memsabu

Mama yangu hakujua siasa, lakini desturi za msiba alizijua zote, na ndizo zilizomponza.

Tulikaa Ilomba, Mbeya. Baba alikuwa fundi cherehani, wazee wake watu wa Kilwa. Mama alikuwa Mnyakyusa, na kaka yake alifundisha shule ng'ambo ya mto Songwe, yaani Nyasaland. Kila Jumatano mimi na mama tulikwenda kufuma sweta kwa memsabu mmoja, mke wa afisa wa serikali, aliyefundisha wanawake barazani kwake.

Alasiri moja, mwaka wa hamsini na sita, memsabu alituambia habari za Hungaria. Watu wa huko walitaka kujichagulia serikali yao, wakapigwa kwa vifaru vya wageni waliowatawala. Alisema hayo huku machozi yanamtoka. Redio ya serikali nayo iliwaita mashujaa. Akatuomba tufume vipande vya sufu, viunganishwe kuwa blanketi za wakimbizi.

Tulifuma, lakini mama aliona haitoshi. Mtu analia hivi, alisema, basi kafiwa na ndugu. Akakusanya wanawake wenzake, wakajitwika unga, kuni na mkungu wa ndizi, tukaenda kwa memsabu, tukaketi chini barazani, kimya, kama inavyopasa msibani. Maskini, alitutazama asijue zile kuni azipeleke wapi. Mwishowe akaketi chini nasi, na gauni lake lile jeupe, akamshika mama mkono.

"Kila mtu anayedai kujitawala ni ndugu yangu," alisema.

Baba alipohadithiwa alicheka. "Na wale wa Kenya waliojazwa makambini? Mbona wao hawafumiwi blanketi?"

"Baba watoto, msiba hautaniwi," mama alimjibu, akarudi kwenye chungu chake.

Baadaye memsabu na mumewe walihamishiwa Iringa. Mwanzoni mwa hamsini na tisa, Nyasaland ikawaka moto. Watu walitaka kile kile, kujichagulia serikali, ila safari hii waliotakiwa kuondoka walikuwa Waingereza wenyewe. Mjomba wangu alipigwa risasi akiwa katika umati, mikono mitupu. Redio ile ile ikasema ni wahuni waliochochewa. Mjomba wangu, mtu aliyeomba radhi hata akimkanyaga kuku! 

Tukatandika mikeka. Watu walikuja, wa msikitini mjini na Wakristo wa milimani. Siku ya kuanua matanga ilipofika, mama akakataza mikeka isiguswe.

"Bado mmoja," alisema. "Mimi nilienda kwake. Na yeye atakuja kwangu."

Kwetu rambirambi hurudishwa. Asiyerudisha amekwambia kwamba undugu umekwisha. Memsabu hakuja. Mama akasema labda habari haijamfikia. Tukapanda basi mpaka Iringa, tukalala kwa shangazi, mtaa wa Mlandege, na asubuhi tukaenda kwa memsabu.

Memsabu alitupokea vizuri, akaagiza chai, akatusogezea viti. Mama hakukaa kwenye kiti. Aliketi sakafuni mbele yake.

"Kaka yangu amekufa," alisema. "Alikuwa anadai kujitawala."

Memsabu alibaki amesimama. "Pole sana, mama. Lakini hii si sawa na Hungaria. Kaka yako alidanganywa na watu wabaya. Serikali ililinda amani tu."

Mama alimngoja aketi. Alimngoja mpaka chai ikapoa. Memsabu alisimama vile vile, ameshika mgongo wa kiti, hata mpishi alipokuja kuondoa vikombe. Mama akainuka, akaaga kwa adabu, tukaondoka.

Njia nzima nilifoka. Nilimwita yule mwanamke mnafiki, nikasema machozi yake yalikuwa ya mamba.  Tulipofika Mlandege mama alimwomba shangazi mkeka, akautandika uani, akajifunika khanga kichwani, akaanza kulia kwa sauti, kama siku ya kwanza.

"Basi, wifi," shangazi alimbembeleza. "Kaka yako umemlilia, amepumzika."

"Huyo nimemlilia," mama alisema. "Nalilia wale wa Hungaria. Kumbe tulipeleka rambirambi kwenye nyumba isiyo na msiba. Watoto wa watu wale, mpaka leo hakuna aliyewalilia."