Madigadi ya Baba Sofi

Najua nikisema "enzi zetu" mtacheka, maana sijafika hata miaka thelathini na mitano. Lakini mliokulia Magomeni wakati njia za ndani zilikuwa udongo mtupu mtanielewa. Masika yakiingia tulikwenda shule viatu mkononi, tukavivaa getini. Dimbwi la mbele ya nyumba yetu tulilijua kama ndugu: tuliachia mashua za karatasi zielee humo, tukashindana nani ataliruka bila kuloa. Wapwa zangu leo wakiona tope wanaomba wabebwe.

Kando ya dimbwi hilo mama alikaanga vitumbua kila asubuhi, na harufu ya iliki na tui ndiyo iliyotuamsha. Mvua hakuiogopa, aliogopa magari. Kitumbua kikirukiwa na tope hakiuziki, na mteja akishaona mara moja, kesho anapita upande wa pili. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyotusomesha.

Jirani yetu Baba Sofi alibeba mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo kwa pikapu yake. Mtaani kwetu ni yeye peke yake aliyefunga madigadi, zile raba pana zinazoning'inia nyuma ya tairi kuzuia matope. Aliyasugua kwa brashi kila Ijumaa huku akituambia watoto, "Gari bila madigadi ni kama mtu anayekohoa bila kuziba mdomo."

Asubuhi moja alichelewa mzigo, akalipita dimbwi kwa kasi. Maji yakaruka pembeni, yakatua kwenye sinia la vitumbua na kwenye ndoo ya unga uliokorogwa. Mama akasimama, kijiti cha kugeuzia mkononi.

"Baba Sofi! Madigadi umeyafunga nyuma, sisi tuko pembeni!"

Mtaa mzima ukacheka. Yeye hakucheka. Alisimamisha gari, akarudi kwa miguu, suruali ameikunja. "Mama Neema, nisamehe. Nilizitegemea zile raba." Tangu siku hiyo, akifika pale gari lilitambaa, hata kiangazi, dimbwi limekauka.

Wiki iliyopita nilikuwa Kariakoo na gari langu la kwanza, dogo, limekaa chini. Niliulizia madigadi na fundi akanitazama kwa huruma.

"Dada'angu, utalizeesha gari bure. Tena kila tuta yatakwaruza."

"Na mtu wa pembeni yanamsaidia?"

"Wa pembeni si ajihami mwenyewe!" Akacheka, mimi nimeshika raba mkononi.

Nilisita kweli. Kama anayemwokoa mtu wa pembeni ni mguu wa dereva, raba za nini? Inawezekana hata Baba Sofi aliziamini mno, akajiona mwungwana kwa sababu tu alizifunga. Na mimi je, si ninataka kununua usafi wa moyo dukani? Kisha bodaboda ikapita, abiria uso wazi, nyuma kabisa ya tairi la gari jingine. Huyo naye yupo. Kumkumbuka wa pembeni hakunipi ruhusa ya kumsahau wa nyuma.

"Funga," nikamwambia fundi. "Mwendo nitaushughulikia mwenyewe."

Jana mvua ilinyesha. Katika mtaa mmoja karibu na soko, mama mmoja alikuwa amesimama kando ya maji na mtoto wake aliyevaa shati jeupe la shule. Nilipunguza mwendo mapema, nikawa nakwenda kama mtu anayetembea. Yule mama hakungoja kuona. Alimvuta mtoto, akanigeuzia mgongo na kufungua mwavuli kati yetu. Nilipita bila tone kuruka. Kwenye kioo nikawaona bado wametazama ukuta.

Mama yangu alimwita dereva kwa jina, akamgombeza, akajibiwa. Huyu hakutaka hata kujua ni nani anayepita.