Vitabu Vilivyokwenda Ziwani

Kila mwezi ulipokwisha nilichana karatasi ya kalenda iliyoning'inia nyuma ya mlango wetu kule Buhongwa, nikaigeuza, na upande wake mweupe nikaandika vitabu nilivyosoma. Jina la kitabu, idadi ya kurasa, na alama niliyokipa, kwa ukali wa mwalimu asiyependa wanafunzi wake. Kisha nilipiga picha karatasi hiyo na kuituma kwenye kundi la wasomaji wenzangu wa chuo. Tulishindana. Mtu akituma vitabu vitano, mimi nilikuwa tayari na saba, na sikujificha, nilijigamba.

Vitabu vyenyewe nilivipata popote. Vingine vya maktaba ya chuo, vingine vya mitumba, vile vinavyouzwa mjini vikiwa vimepangwa juu ya turubai karibu na viatu. Nilisoma nikipika, nikisubiri nguo zikauke, nikipanga foleni benki. Mama alisema siku moja nitachemsha kitabu nile maharage mabichi. Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nameza tu. Ukiniuliza mwezi wa tatu kuhusu kitabu cha mwezi wa kwanza, nilikumbuka alama niliyokipa na rangi ya jalada tu.

Mtu mmoja tu ndiye hakuvutiwa na idadi yangu, naye ni baba.

Baba ni mvuvi wa dagaa. Anaishi kambini, kisiwani, na kazi yake inafuata giza. Dagaa huvutwa na taa, kwa hiyo usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Mbalamwezi ikitoka, taa hazina maana tena, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wanarudi makwao kupumzika hadi giza lirudi. Kwa hiyo tangu nikiwa mdogo nimezoea kumwona baba mwezi unapokuwa mpana. Watoto wengine walimngojea baba yao jioni, mimi nilitazama juu.

Akifika, akishaoga na kula, alikaa kwenye kiti cha uani, akaniambia, "Haya mama, mwezi huu umesoma nini?" Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Nikamletea karatasi ya kalenda. Hakuishika. "Mimi nitafanya nini na majina? Nipe kimoja. Nisimulie."

Nikamsimulia. Na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu baba anauliza. Mimi nasema mhusika alisafiri kwenda mjini, yeye anauliza alilala wapi njiani. Nasema walifunga ndoa, yeye anauliza nani alipika. Nasema palikuwa na njaa kali, yeye anataka kujua walikuwa wanakula nini basi. Nilikasirika. Nilimwambia kitabu hakikusema. Akanitazama tu. "Hakikusema, au wewe ulipita mbio?"

Nilirudi ndani nikafungua kitabu kwa hasira, nia yangu kumwonyesha kwamba hakikusema. Kilikuwa kimesema. Mihogo ya kuchoma, ukurasa mzima wa mihogo ya kuchoma, na mimi niliupita kama asiye na macho.

Kuanzia hapo nilianza kusoma nikimsikia baba akiuliza. Kasi ilipungua. Vitabu saba vikawa vinne, vikawa viwili, na wenzangu kwenye kundi wakaanza kunitania kwamba nimepata mchumba. Nilikuwa nimegundua kitu ambacho sikujua namna ya kukisema bila kuonekana nimechanganyikiwa: kwamba ndani ya vitabu kulikuwa na watu. Nilikuwa nasoma miaka yote hiyo na sikuwahi kuwaona. Sasa nikifungua ukurasa nilisikia mtu akivua viatu mlangoni. Nilishangaa hadi nikaogopa kidogo.

Mwezi wa mwisho kabla ya haya ninayosimulia, nilimchagulia baba hadithi ya mtu aliyetoka gerezani. Amefungwa miaka mingi, anarudi kwao kwa miguu, amevaa makatambuga, yale ya tairi. Anafika jioni, anakuta nyumba yake inatoa moshi jikoni. Kuna nguo za watoto zimeanikwa. Kuna watu wanaishi mle, yeye hawajui, wao hawamjui. Anasimama barabarani.

Nilikuwa nimefika hapo tu katika kusoma, na asubuhi yake baba alitakiwa kurudi kambini kwa sababu giza lilikuwa limeingia. Akanung'unika kama mtoto aliyenyang'anywa sahani. "Mtu mzima unamwachaje barabarani?"

"Utamkuta hapo hapo ukirudi," nikamwambia.

Hakurudi. Mbalamwezi ilitoka, ikapanuka, tukakaa uani mimi na mama tukila bila yeye. Alipiga simu akasema kuna nyavu za kushona, asiulizwe sana. Mama aliposikia sauti yake akajua ni bega. Lilikuwa likimsumbua tangu mvua za vuli, akilificha kwa kuvaa koti hata wakati wa jua. Basi mama akanifungia dawa ya kuchua, unga na viazi vya kukaushwa kutoka kwao Misungwi, na giza lilipoingia tena akanituma kisiwani.

Sikuwahi kufika kambini kabla ya hapo. Baba hakupenda. Nilishuka kwenye mwalo, pale mitumbwi inapofikia, mchana, jua kali, nikakuta dagaa wameanikwa hadi mwisho wa upeo wa macho, wanang'aa hadi nikafumba macho, na wanawake wanawageuza kwa mafagio. Nikamuuliza mama mmoja kambi ya baba iko wapi. Akaniangalia kuanzia kichwani.

"Wewe ndiye yule binti anayesoma?"

Nikasema ndiyo, nasoma chuo. Akatikisa kichwa. "Sizungumzii chuo. Nauliza wewe ndiye unayemsomea mzee."

Akawaita wenzake. Walinizunguka. Mmoja akataka kujua kama yule bibi harusi wa kwenye ile hadithi ya mwaka jana alipata mtoto baadaye. Mwingine akaniuliza kuhusu mtu ambaye mimi nilikuwa nimemsahau kabisa, mwendesha kivuko katika kitabu nilichokipa alama mbovu. Walimjua kwa jina. Walijua anapenda chai ya tangawizi. Nilisimama pale na mzigo wangu wa viazi. Vile vitabu nilivyoviandika nyuma ya kalenda na kuvitupa vilikuwa vimekuja huku, vikakaa.

Baba nilimkuta ameketi chini, anashona wavu kwa mkono mmoja, mwingine umelala pajani. Aliponiona alitaka kuinuka haraka na bega likamkatalia. Nilimwamkia, akaitikia, akageuza uso upande wa maji.

Mwenzake mmoja wa mtumbwini, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ndiye aliyenisogeza pembeni. "Binti, usije ukashtuka mbele yake. Mzee havuti wavu tena. Tangu giza lililopita tunavuta wanne, yeye anashika taa. Tajiri amesikia. Amekuja leo na mtu mpya. Anataka mzee ashuke."

Tajiri ndilo jina la mwenye mtumbwi. Huyu alikuwa mama wa makamo, mtu wa Kagera, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai akitafuna punje kavu za kahawa za kwao. Hakuwa mtu mbaya. Alinikaribisha, akanipa mbili nitafune, akamuulizia mama. Kisha akasema wazi mbele ya wote kwamba mtumbwi wake si kitanda, na kwamba anamheshimu mzee lakini nafasi ni tano na mikono inahitajika kumi.

Nilimtazama baba, naye alikuwa anashona tundu la wavu ambalo lilikwisha kuzibwa.

Yule mnene akasema, "Tajiri, tukikaa kusubiri dagaa wajae chini ya taa, usingizi ndio unatumaliza. Giza la juzi kambi ya pili walisinzia wote, taa zikachukuliwa na maji, wakaamka mbali hawajui waliko. Sisi hatusinzii. Mzee anasimulia."

"Nimnunulie mtumbwi mtu wa hadithi?" tajiri akauliza. Watu wakacheka, lakini si sana.

"Msikilize kwanza," akasema yule mama aliyenipokea mwaloni. Alikuwa ametufuata na fagio lake.

Tajiri akamgeukia baba. "Haya, mzee wangu. Ile mliyosikiliza giza lililopita ni ipi?"

"Ya mtu wa gerezani, bado amesimama barabarani," wakajibu wote kabla yake.

Baba alikuwa na nusu tu ya hadithi hiyo. Nusu nyingine ilikuwa kichwani mwangu, nilikuwa nimeimaliza na kuipa alama ya juu kabisa, na sikuwa nimepata nafasi ya kumnong'oneza hata neno. Nilitafuta macho yake. Hakunitazama.

Akaanza. Sijawahi kumsikia baba akisimulia, yeye kwangu ni mtu wa kuuliza. Hakupandisha sauti. Alimtembeza yule mtu barabarani kwa mwendo wa mtu mwenye njaa, na vumbi, na kamba ya katambuga inayomkata kidole. Akamfikisha mbele ya nyumba. Moshi. Nguo za watoto. Akamsimamisha. Nikajua hapo ndipo nilipomwachia.

Akaendelea.

Yule mtu, alisema baba, alipiga hodi. Akatoka mama wa nyumba na mwiko mkononi, akaona mtu mzima, akapiga goti kidogo: "Shikamoo baba." Na yule mtu akashindwa kuitikia. Si kwa kiburi. Huko alikokuwa hakuna aliyemwamkia miaka yote, na neno la kuitikia lilikuwa limempotea. Alilitafuta mdomoni. Yule mama akadhani hakusikia, akaamkia tena. Ndipo likaja, "Marahaba," na machozi yakaja nalo.

Wakampa maji. Mume akatoka, akamletea kigoda. Yule mtu hakusema nyumba ni yake. Alikunywa maji akitazama juu, kisha akauliza tu, "Ile kona ya chumba cha ndani bado inavuja?"

Wanawake walikuwa wameacha kugeuza dagaa. Yule mtu mpya aliyeletwa kuchukua nafasi yake alikuwa amechuchumaa, mdomo wazi.

"Mume akamtazama mkewe," baba akasema. "Mke akamtazama mume. Kisha mume akainuka, akafungua mlango wote, akasema, 'Karibu ndani, mwenye nyumba.'"

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi maishani mwangu na nikavihesabu kimoja kimoja, na sikuwahi kuona kitabu kikimfanya mtu asahau kufunga mdomo. Nililia waziwazi, sikujali. Baba yangu, ambaye anasoma kwa shida maandishi ya kwenye mfuko wa unga, alikuwa amemtoa mtu barabarani.

Tajiri alikuwa ameacha kutafuna. Akanigeukia mimi. "Binti, wewe ndiye msomaji. Ndivyo kitabu kinavyosema?"

Wote wakanitazama, na baba naye kwa mara ya kwanza. Niliona anaogopa. Nikajibu kweli. "Hapana. Kitabu hakikuweza hivyo."

Tajiri akatema makapi ya kahawa. Kisha akamwambia yule mtu mpya atavuta wavu upande wa mzee, na mzee atakaa kwenye taa, wa sita. "Na fungu lake lisiguswe," akaongeza, akainuka na kukung'uta vitenge vyake, akauliza kwa ukali mbona dagaa hawageuzwi.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya maji, walianza kuusukuma mtumbwi. Nilimchua baba bega, nikamfunga koti. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na kwenye kitabu, inakuwaje?"

Nikamwambia. Anasimama barabarani mpaka taa zinawashwa ndani, anawasikia wakicheka, kisha anageuka na kuondoka. Hakuna anayejua kwamba alifika. Nilimweleza kwamba wasomi wanaupenda sana mwisho wa namna hiyo. Mimi pia niliupenda.

"Anaondoka?" baba akauliza. "Bila hata kupiga hodi?"

"Ndiyo."

Alifikiri, akikagua waya wa taa. "Aliyeandika alikuwa peke yake chumbani," akasema. "Mimi nilikuwa na wenzangu wanne wananitazama, na wanajua bega langu lilivyo. Ningeanzaje kuwaambia yule mtu aliondoka?"

Wenzake walikuwa tayari ndani, wanamwita. Akaingia majini hadi magotini, akanyoosha mkono ule mzima, nao wote watano, na yule mpya, wakaushika.