Uamuzi ni Wako

Mke wangu huuita mchezo wetu mkutano wa waongo. Wageni wakifika Jumapili mchana na kusikia wanaume watu wazima chumba cha pili wakibishana kama mamba anaweza kupanda mlima, huwaambia hivyo tu, ni mkutano wa waongo, kisha anawamiminia chai. Nimeacha kumsahihisha. Mchezo wenyewe hauna ubao wala mshindi, na ukimweleza mtu mwenye shughuli zake unaonekana upuuzi mtupu. Mmoja anasimulia, na wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, naye husema mtu huyo anafanya nini. Msimulizi anasema mbele kuna mto. Wewe unasema unavuka. Bahati ndiyo inayoamua kama umevuka au umeliwa.

Nimekuwa msimulizi tangu kidato cha pili. Tulisoma shule ya bweni ya misheni, upande wa Bukombe, na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyeondoka ghafla kwa malaria aliacha kijitabu cha Kiingereza ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda chooni. Tulikisoma kwa kamusi na kwa kubahatisha, mimi na mwenzangu mmoja ambaye leo ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Geita. Joka la kwenye kijitabu tukaligeuza mamba wa ziwani, kule Chato. Ngome ikawa boma la ng'ombe. Likizo nilikibeba hadi nyumbani, Shinyanga vijijini, nikamfundisha mdogo wangu.

Kijitabu kilitaja dude lenye nyuso ishirini, la kurusha kama dadu. Hatukuwahi kuliona. Tuliokota visoda ishirini, vifuniko vya chupa, nje ya grosari, tukavichora namba kwa msumari, tukavitia kwenye soksi ya shule. Ukitaka kuvuka mto unachomoa kisoda. Ishirini ni baraka, moja ni balaa. Sasa, kisoda ukishakichomoa unakipeleka wapi? Ukurasa wa kutuambia hilo haukuwepo. Sisi tulikiweka pembeni kama karata iliyokwisha chezwa, hakirudi mpaka soksi iishe. Tulicheza hivyo miaka yote.

Kwa hiyo kila mtu alijua kama moja imeshatoka au bado imo. Mdogo wangu aliliona hilo kabla yetu. Mtu wake alikuwa mchunga ng'ombe asiye na silaha ila fimbo. Soksi ikibaki na visoda vitatu vinne, moja haijatoka, na mbele yetu kuna mamba, mchunga angetangaza, "Naruka dimbwi." Dimbwi gani? "Hili hapa." Anachomoa, na kama si moja, anaruka tena. Mwishowe inatoka, anaanguka kwenye tope na kuteguka mguu, nasi tunapita kwa mamba salama. Mchunga yule alichechemea karibu miaka ishirini. Yule mwenzangu mwalimu, ambaye alicheza bibi mganga mwenye mdomo mchafu, alimtukana kila mara kwa ujinga huo, na kila mara alinufaika nao.

Nilipokwenda chuo Mwanza nilikutana na vijana waliokuwa na dude lenyewe, la plastiki ya kijani. Kila likirushwa namba zote zinakuwapo upya. Nikaelewa kwamba tulikosea tangu mwanzo. Sikuwaambia wenzangu. Ningewaambia, mdogo wangu angekosa kazi kwenye mchezo.

Yeye hakwenda chuo. Alikwenda Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, kwanza kwenye duara, akivuta mawe kutoka shimoni, kisha kwenye karasha, mashine inayosaga mawe ya dhahabu hadi yawe unga. Unga huo hukaa hewani siku nzima, na watu wa karasha huuvuta wakipiga hadithi. Alikuja kwangu Geita, ambako nina duka la spea za pikipiki, Jumapili moja kila mwezi. Kope zilikuwa nyeupe hata baada ya kuoga. Alimwamkia shemeji yake, akaitoa soksi kwenye begi kabla hata ya kunywa maji.

Msimulizi ana miiko. Mkubwa ni kwamba humwambii mchezaji afanye nini. Unamweleza mto ulivyo na mamba alipo, kisha unanyamaza. Akitaka kufa, afe. Mwiko huo ulinifaa kuliko nilivyostahili. Nilikuwa tayari mtu wa namna hiyo, asiyependa kuingilia mambo, na mchezo ukaupa udhaifu wangu jina zuri. Mke wangu aliponiuliza tuhamie wapi, nilimweleza faida za huku na hasara za kule. Alipouliza binti yetu asomee nini, vivyo hivyo. Watu husema nina busara. Wakisema hivyo mke wangu hutoka nje.

Mdogo wangu alianza kukohoa mwaka ule mvua zilipochelewa. Makohozi yalipimwa, hakukuwa na kifua kikuu. Daktari aliitazama picha ya kifua, akamwambia ni vumbi, na vumbi halina dawa ila kuliacha. Haya alitueleza Jumapili katikati ya mchezo, mimi na mwalimu. Akasema pia kwamba mwenye karasha amempa usimamizi wa mashine mbili, anatakiwa kesho yake. Dukani kwangu nilihitaji mtu. Nilikuwa nimelalamika juu ya hilo tangu asubuhi, naye alikuwa amekaa palepale akinisikia.

"Kaka, wewe unaonaje?"

Nilimweleza ninavyoona. Nilisema usimamizi ni hatua, na msimamizi anaweza kusimama mbali kidogo na mashine. Nikasema pia daktari naye ana lake. Kisha nikasema, "Uamuzi ni wako."

"Haya," akasema, tukaendelea na mchezo. Asubuhi nilimsindikiza stendi, na begi lake nililipakia kwenye basi mimi mwenyewe.

Mwalimu alinifuata dukani siku hiyohiyo. Hakukaa.

"Mwenzangu, yule alikuwa anakuomba umkataze."

Nilimwambia najua. Nilijua hata wakati nasema. Sina maelezo mengine, na nimeyatafuta. Nilichohisi ni ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, na ganzi hiyo haijaniachia vizuri mpaka leo.

Alifanya kazi miaka mitatu zaidi. Aliposhindwa kabisa hakuja kwangu, alirudi kwa mama. Mara ya mwisho tulipomtembelea, mimi na mwalimu, zilikuwa zimebaki wiki mbili tumzike. Alikuwa ameketi ameegemea ukuta, kwa sababu akilala chali hewa inakataa. Mama alitupokea mlangoni, "Wabeja, wabeja," akishukuru kana kwamba tumeleta dawa, akarudi uani kupepeta mtama.

Nilianza kusimulia kama kawaida. Niliwaeleza mto. Mdogo wangu akainua mkono.

"Leo nasimulia mimi. Wewe cheza."

Sikuwahi kucheza. Tangu kidato cha pili nilikuwa nimekaa upande ule mwingine. Nikamuuliza mtu wangu ni nani.

"Wewe mwenyewe."

Alisimulia kwa maneno mawili matatu, anapumzika, kisha mengine mawili matatu. "Uko kwako, Geita. Jumapili. Mdogo wako amekuja. Anakohoa. Anasema kesho anarudi karasha. Unafanya nini?"

Niliogopa, nakiri. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na aliyeniogopesha ni mtu asiyeweza kunyanyua kikombe.

"Namwambia asiende."

"Anasema amepewa usimamizi."

"Namwambia asiende."

"Anakasirika. Anasema wewe si baba yake."

"Aendelee kukasirika. Nachukua begi lake, nalifungia dukani."

"Analitaka."

"Simpi."

Alifumba macho. Nilidhani amechoka, au amechoshwa nami. Kifua chake kilipanda na kushuka mara nyingi kabla hajasema tena.

"Sawa. Amebaki."

Tukaendelea. Katika mchezo ule mdogo wangu aliuza spea dukani kwangu, akachelewa kazini kila asubuhi, akawapa wateja plagi zisizo zao, na mimi ilikuwa zamu yangu kumgombeza. Nilimgombeza taratibu, akatikisa kichwa. Alitaka nigombeze kwa sauti, kama kaka wa kweli. Basi nikapaza sauti. Nilimwita mvivu, nikamwambia atanifilisi, nikamwambia haondoki hapa hata akilia, naye alikuwa anacheka bila pumzi, mabega tu. Mama akaacha ungo uani, akachungulia mlangoni na vumbi la mtama mikononi.

"Ng'wanone, mwanangu," akaniambia, "mwache mwenzako. Anaumwa."