Rangi Ndani ya Eda

Mume wangu alipokufa sikulia. Nalisema wazi, kwa sababu wenzangu walilisema wakati ule, tena kwa sauti, na mimi nipo. Alikuwa fundi wa umeme kwenye yale majumba marefu ya Michenzani yalipokuwa yakijengwa. Akapata homa, akalazwa, akaletwa nyumbani kafunikwa. Wanawake wakaangua vilio. Mimi nikauliza kama kuna maji ya kutosha kwenye pipa.

Nikaingia edani nyumbani kwa mavyaa, mama yake marehemu, ghorofani, Malindi. Miezi minne na siku kumi: nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna hina, kutoka nje hakuna. Hayo hayakunishinda. Walionichosha ni wale waliokuja kunitazama macho. Walikaa, wakanywa kahawa yetu, wakanikagua kope kama wanaotafuta chawa. "Makavu," wakaambiana wakishuka ngazi, wakidhani nyumba ya mawe haipitishi sauti.

Mavyaa naye akaanza kula peke yake. Mtoto sikuzaa, machozi sikuwa nayo. Eda ikesha ningebaki pale kama nani? Kwetu hakukuwa na mtu tena, wote walishahama baada ya Mapinduzi. Yule mama akinitoa, sina pa kwenda. Na hofu hiyo nayo niliijua tu, sikuihisi.

Dada wa marehemu, wifi yangu, alikuwa mwalimu. Siku moja akaja na kisanduku cha mbao kutoka kabati la skuli, kilichoachwa na mwalimu wa Kizungu aliyekwishaondoka. Ndani mlikuwa na vijiti vya rangi, vingi vimevunjika.

"Hizi zinaitwa pasteli," akasema. "Chora, wifi. Utakufa kwa kukaa."

"Mimi sijui kuchora."

"Nani kakuuliza kama unajua?"

Karatasi zilikuwa adimu kama kila kitu siku zile, tukapasua mifuko ya sukari. Akaniwekea tungule moja, nyanya iliyoiva, dirishani. Nikachora duara, nikalijaza wekundu. Wifi akacheka mpaka akashika mbavu. "Hilo tungule au kifungo cha koti?" Akanifundisha kwamba pasteli ni unga; unaulaza juu ya karatasi, kisha unausugua kwa kidole. Uanze na kivuli, mwanga uje mwisho. Na usipulize! Mimi nikapuliza. Unga ukanirudi puani, nikapiga chafya, kazi yote ikachafuka.

Nilikuwa mbovu, wallahi. Matungule yangu mengine yalitoka bapa, mengine yamevimba ubavu, na moja lilikuwa figo kabisa. Sikufurahi wala sikuchukia. Nilichopenda ni kwamba tungule halikuniuliza kama nimelia. Likioza, wifi alileta jingine.

Basi alasiri moja, wifi yuko skuli, akaingia shangazi wa mume wangu, wifi yake mavyaa, mwanamke mwenye sauti ya kunadia samaki. Hodi hakupiga. Akanikuta juu ya mkeka, nguo nyeupe, vidole vyote vyekundu mpaka kwenye kucha.

"Mtume! Kapaka hina! Eda haijesha, udongo wa kaburi haujakauka, huyu kapaka hina! Wifi! Njoo umwone mkaza mwanao!"

Ningeweza kumwonyesha ile karatasi, ilikuwa pale pale chini ya goti langu. Sikufanya hivyo. Niliinua mikono nikaitazama, nikaona kweli, inafanana na hina. Nikajua sasa ndiyo nafukuzwa, na moyo haukushtuka hata kidogo.

Mavyaa akaja. Akavitazama vidole vyangu, akamtazama wifi yake, kisha akatoka.

"Kakwendea nguo zako," shangazi akaniambia. "Ufunge virago."

Mavyaa akarudi na bakuli la maji na kipande cha sabuni ya kufulia. Akaketi mbele yangu kwa taabu, maana magoti yalikuwa yakimuuma, akanivuta mkono wa kulia. Akaniosha kidole kimoja kimoja. Wekundu ukashuka bakulini, ngozi yangu ikabaki kama ilivyo.

"Hina gani hii inayotoka kwa maji?" akauliza bila kugeuka.

Shangazi akasema ah, yeye alikuwa akiuliza tu. Akajitanda buibui lake, akashuka ngazi, na safari hii sikumsikia akinong'ona na mtu.

Nikadhani imekwisha, nikavuta mkono. Mavyaa hakuuachia. Akashika na wa pili.

"Mwanangu walimwosha wanaume," akasema. "Mimi nlikaa nje ya pazia, nasikia maji yakimwagika. Nlimkogesha mwenyewe tangu siku aliyozaliwa, na siku ile sikuitwa."

Kitu kikanipanda kifuani. Nikakizuia, kikanishinda. Nikalia kwa sauti mbele ya mama yule, kamasi na vyote, nikimwambia namtaka mume wangu, namtaka arudi, namtaka leo.

"Lia," akasema.

Vidole vyangu vilishatakata zamani. Naye alikuwa bado anaosha.