Dole la Ridhaa

Miaka ile ya ruksa, milango ilipofunguliwa kwa wawekezaji binafsi, nikiwa mwaka wa pili wa sheria chuoni, tulikwenda kijiji cha Kitomanga kufanya utafiti wa haki za binadamu bila malipo. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa darasani, vichwa vimejaa vifungu. Mhadhiri alituonya tusimhoji mtu kabla hajaridhia kwa maandishi, na asiyejua kusoma aweke dole gumba. Nililishika hilo kuliko nilivyoishika Katiba.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mjane. Shamba lake la mikorosho lilikuwa limechukuliwa na mwekezaji, akabaki na nyumba tu. Tukamwamkia shikamoo. "Marahaba, wajukuu zangu," akatandika mkeka. Mwenzangu akasoma fomu nzima kwa Kiswahili cha mahakamani kilichonichosha hata mimi. Bibi macho yake yalikuwa kwenye kidau cha wino. Kisha akatoa dole, akalibonyeza kila tulipomwonyesha. Nikafurahi, jamani, nikidhani ndiyo ridhaa yenyewe.

"Una swali lolote, bibi?"

"Moja tu. Nihame lini?"

Nikamuuliza kwa nini ahame. Shamba, akatueleza, lilikwenda hivyohivyo. Vijana wasafi, wenye adabu, walimsomea karatasi wakasema ni orodha ya kugawiwa mbegu. Akaweka dole. Msimu uliofuata akafukuzwa kwenye mikorosho aliyoipanda mwenyewe. Sasa aliamini tumefuata nyumba.

"Mbona umeweka tena, bibi?" nikamuuliza.

"Ningekataa mngerudi na mgambo."

Tukaapa kwamba hatuchukui kitu chake. "Hata wale waliapa," akasema, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikampa fomu aichome mwenyewe. Akaisukuma kati ya mafiga, akasimama pale mpaka ikawa majivu. Nikashusha pumzi, nikidhani yamekwisha. Aliporudi hakukaa mkekani.

"Na ile ya pili?"

Kweli, aliweka dole mara mbili. Nakala ya chuo ilikuwa mkobani mwangu, nami, mwanasheria mtarajiwa, nilishaisahau kabisa. Yeye asiyejua kusoma alikuwa ameiona ikiingia. Nikafungua mkoba kwa aibu, nikampa, na safari hii hakuipeleka jikoni kabla ya kuupekua mkoba wote.