Mgongo wa Ambilikile

Nilipokuwa mtoto huko Masukulu, mtu akibanwa na kifua hatukuuliza alinyeshewa wapi. Tuliuliza amemuudhi nani. Wazee wetu wa Kinyakyusa waliamini kwamba jirani akikasirika akanyamaza, hasira yake haikai tumboni bure. Hutoka na pumzi, baridi kama upepo wa mlimani, ikaenda kumkalia kifuani yule aliyemkosea. Waliiita imbepo sya bandu, pumzi za watu. Leo mimi ni muuguzi mstaafu, nimehudumia wenye pumu, wenye kifua kikuu na wenye nimonia hadi nywele zikageuka mvi, na bado sioni haya kusimulia habari hii. Tena naisimulia kwa kujivuna, maana ndiyo iliyonifanya nikavaa gauni jeupe.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na ubalozi ulimkaa vizuri kuliko hata koti lake la Jumapili. Siku za kazi za kijiji alikuwa wa kwanza kuingia kwenye shamba la chai na wa mwisho kutoka, mvua inyeshe isinyeshe, na kwetu Rungwe mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Asiyefika alisemwa mkutanoni. Ndivyo ilivyomkuta jirani yetu Ambilikile. Siku moja hakuonekana shambani, na jioni baba akasimama mbele ya watu akamwita kupe.

Vijana wa leo wakilisikia neno hilo wanacheka. Enzi zile kupe alikuwa mtu anayeishi kwa jasho la wenzake, na kuitwa hivyo mbele ya mkeo na wanao ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo. Ambilikile hakujibu. Alichukua jembe lake akaenda zake.

Bibi, mama yake baba, alitikisa kichwa. "Angetukana ingekuwa afadhali," alisema. "Huyu amenyamaza."

Wiki haikwisha, baba akawa kitandani. Homa, kutetemeka, na maumivu ubavuni kila alipovuta hewa. Bibi aliuita ugonjwa huo jina la Ambilikile. Shangazi Subilaga aliuita nimonia.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba na muuguzi wa zahanati ya kijiji, mwanamke pekee pale kwetu aliyevaa saa kifuani, imening'inia kichwa chini. Barabara ya kwenda Tukuyu ilikuwa imekatwa na mvua, kwa hiyo alimtibu kaka yake nyumbani. Asubuhi na jioni alikuja na sindano zake za penisilini kwenye kisanduku cha bati. Akikaa karibu na kitanda alikuwa haongei. Alitazama saa, akatazama kifua cha baba kinavyopanda na kushuka, midomo yake ikihesabu polepole. Nami nilisimama nyuma yake nikihesabu pia, nikidhani kuhesabu kwenyewe ndiko kunakoponya.

Homa ilishuka lakini baba hakuinuka. Alilala chali, akivuta pumzi fupi fupi za juujuu, na kikohozi kikija alikizuia kwa sababu kiliuma. Shangazi akaweka sikio lake mgongoni mwa baba, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akatuambia wazi mimi na bibi. Makohozi yametuama sehemu ya chini ya mapafu. Asipokaa wima, akavuta hewa mpaka chini na kuyakohoa, sindano peke yake hazitamwokoa.



"Kaka, inuka ukae," shangazi alimwambia.

"Niache, Subi. Ambilikile ameshanimaliza."

"Si wewe uliyesema mkutanoni kwamba mambo hayo ni ujinga wa zamani?"

"Nilisema nikiwa mzima," baba akajibu.

Basi vita vikaanza ndani ya nyumba yetu. Shangazi alifungua dirisha ili hewa safi ipite. Bibi alilifunga ili pumzi za watu zisiingie. Shangazi alihamisha moto kwenye kibanda cha nje kwa sababu ya moshi. Akigeuka tu, bibi anarudi na kijinga cha moto. Shangazi aliweka gunia la maharage mgongoni mwa baba apate kuegemea, gunia likateleza, na baba akateleza nalo akiwa ameridhika kabisa kurudi chali. Mtu aliyekwisha kata tamaa ni mzito kuliko gunia lolote, hilo nimelithibitisha mara nyingi tangu hapo.

Asubuhi moja shangazi alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akamtazama kaka yake, akatazama gunia. Kisha akamgeukia bibi.

"Mama, mwenye hasira akitaka kuitoa, hufanyaje?"

Bibi akamtazama kama mtu asiyeamini masikio yake. "Anaweka maji kinywani, anayapuliza chini, anasema lote lililo moyoni."

"Basi nenda ukamwite Ambilikile."

"Wewe? Sista wa serikali?"

"Mimi. Sindano ninazo, Mama. Ninachokosa ni mgonjwa anayetaka kupona."

Ambilikile alikuja moja kwa moja kutoka kukamua, bado ananukia maziwa. Alikuwa mtu mpana, kimya, na mlangoni aliinama kama anayeingia kwa wakwe. Bibi akampa maji kwenye kibuyu. Akayaweka kinywani, akayapuliza sakafuni, ndipo akasema.

"Uliniita kupe. Mbele ya wanangu. Siku ile ng'ombe wangu alikuwa anazaa, ndama amekaa vibaya, mkono wangu uko ndani mpaka kiwiko. Wewe ukaniita kupe."

Baba alifumbua macho.

"Ndama," akasema kwa shida, "alipona?"

"Alipona. Jike."

"Sikujua."

"Hukuuliza, Ndugu Balozi."

Baba akasema, "Ndaga, ndugu yangu. Nilikukosea." Ndaga kwetu ni neno la shukrani, ni neno la pole, na siku ile lilikuwa yote mawili.

Ambilikile akafuta mdomo. "Nimesema. Imetoka. Pumua sasa." Akageuka aende.

"Unakwenda wapi?" shangazi akamwuliza. "Kazi ndiyo kwanza inaanza. Panda kitandani."

Nawaambia, jirani yule alitaka kukimbia. Lakini shangazi alikuwa na sauti fulani ya zahanati ambayo hata ng'ombe wangeitii. Alimkalisha kitandani nyuma ya baba, migongo yao ikigusana, na baba, ambaye kila mto na gunia vilimshinda, akaegemea. Mgongo wa Ambilikile haukuteleza. Mtu aliyekuwa anadaiwa kumuua kwa pumzi sasa alikuwa anaisikia kila pumzi ya baba ikipita kwenye mbavu zake mwenyewe.

Kisha shangazi akachomoa ukutani mrija wa kunywea pombe ya ulezi, akauosha, akautumbukiza kwenye chupa yenye maji. "Kaka, vuta hewa puani taratibu, uende mpaka chini. Halafu puliza hapa, nione mapovu. Mwenzio ametoa hasira yake, na wewe toa ya kwako."

Baba akaukamata mrija mdomoni. Lakini mdomo ule ulikuwa umeuzoea mrija kwa namna moja tu. Akavuta. Maji yakapanda, akayameza, akatutazama kwa masikitiko kama mtu aliyekaribishwa pombe akapewa maji.

Ambilikile, aliyekuwa amegeuza shingo kuchungulia, akaangua kicheko. "Ndugu Balozi! Puliza! Hapa si kilabu cha pombe!"

Baba naye akacheka. Alijaribu kujizuia, akishika ubavu, lakini mgongo wa mwenzake ulikuwa unatikisika kwa kicheko na ukamtikisa naye. Kicheko kikageuka kikohozi, na safari hii hakuwahi kukizuia. Shangazi alikuwa ameshapiga magoti na kopo mkononi. Kwa mkono mwingine, ameukunja kama kikombe, alimgongagonga baba ubavuni kwa nyuma, taratibu, kuelekea juu. Makohozi mazito ya rangi ya kutu yakatoka. Yakatoka tena. Mimi nilitazama pembeni, lakini shangazi alilitazama lile kopo kama mtu anayetazama mavuno yake, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

Tangu siku ile Ambilikile alikuja kila asubuhi baada ya kukamua. Alipanda kitandani bila kuambiwa, akatoa mgongo, akahimiza mapovu. Bibi aliacha dirisha wazi, maana kilichokuwa kinaogopwa nje sasa kilikuwa kimekaa ndani kinacheka. Majani ya chai yalipochipua tena, baba alikuwa anatembea. Mkutanoni alisimama akasema kwamba yule aliyemwita kupe alikuwa anamwokoa ndama, na kwamba baada ya ndama alimwokoa yeye.

Nani alimponya? Bibi alikwenda kaburini akisema ni Ambilikile kutoa hasira. Baba alisema penisilini, ila akisema alitazama pembeni. Nilipomwuliza shangazi, alinijibu akiwa anachemsha sindano zake: "Mimi nilitaka akae wima, na asiwe peke yake. Nilichukua nilichokikuta nyumbani."

Miaka baadaye, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, nilikuja likizo nikakuta Ambilikile mgonjwa. Uzee, kiko na moshi wa jikoni vilikuwa vimemla mapafu, na pumzi zilikuwa zikimwishia hata akiwa amekaa. Nilikwenda na shangazi kumwona, nimebeba mkoba wa shangazi, kichwa changu kimejaa mambo mapya niliyofundishwa kuhusu namna ya kumweka mgonjwa kama huyo. Tulipoingia, nikasimama mlangoni.

Dirisha lilikuwa wazi na moto umetolewa nje. Baba alikuwa kitandani, mzee naye, ametoa mgongo, na Ambilikile ameuegemea. Hakuna aliyekuwa amemwita baba.

Vitanda nilivyofanya navyo kazi baadaye viliinuka kwa kuzungushwa mpini, na niliwafundisha wauguzi vijana kuvizungusha vizuri. Lakini mgonjwa akibanwa, kabla ya kushika mpini, nilimuuliza kwanza ni nani wake aliye karibu, nikamwita akae. Wengine walidhani ni huruma tu. Ni utaalamu, nami niliupata kwetu Masukulu, kwa watu walioamini kwamba pumzi ya jirani inaweza kukufikia kifuani. Sijawahi kuona kwamba walikosea.