Nyongeza ya Maji

Maziwa yangu yalikauka kwa homa, mtoto angali mchanga kabisa. Ng'ombe wetu mmoja naye alikuwa na mimba, hatoi hata tone. Na kwetu mlimani mzazi hukaa ndani miezi mitatu, analishwa mtori wa ndizi, hagusi kazi. Raha, eti! Mimi nililala pale mikono mitupu, mwanangu akipimiwa uhai wake na watu wengine.

Nesi wa misheni, Mmarekani, alituachia kopo la maziwa ya unga la kwao, kisha akaenda safari. Kopo lilisema unga vijiko kadhaa, maji robo galoni. Sasa galoni ndiyo nini? Sisi tulikuwa na jagi la bati lenye mistari ya lita, ambalo mume wangu alibaki nalo tangu alipowafanyia kazi Wajerumani. Akateremka hadi Moshi mjini kumuuliza Mhindi muuza mafuta ya taa, akarudi anatabasamu.

"Galoni ni lita nne na nusu. Robo yake ni lita moja na kidogo."

Haya, tukampa. Mtoto akawa ananyonya na kulia, ananyonya na kulia. Mapaja yakaanza kukunjamana.

Nesi aliporudi, alitazama jagi akashika kichwa. Mhindi alitaja galoni ya Mwingereza, na ya Marekani ni ndogo kuliko hiyo. Robo yake haifiki hata lita; tulikuwa tunamnywesha maji! Mume wangu akachukua msumari, akachora mstari mpya chini ya ule wa lita. Nililia kwa furaha, jamani, nikajua tumepona.

Kumbe! Mkorogaji alikuwa mama mkwe. Maisha yake yote aliuza maharage, na katika soko letu ukishajaza kipimo lazima utie nyongeza, la sivyo unaitwa mchoyo. Nilimwona kwa macho yangu akijaza maji hadi mstarini, kisha akatia tena kidogo, uso umejaa upendo.

"Mama, samahani, mwisho ni pale kwenye mstari."

"Mjukuu wangu nimpimie kama mpita njia?"

"Basi ongeza na unga, mama."

"Unga ni wa nesi. Mimi nina maji tu ya kumpa."

Nilimwambia mume wangu. Akainamisha kichwa. "Ni mama yangu. Nimshike mkono?" Nami je, mzazi wa ndani, niinuke nimnyang'anye mkwe wangu jagi? Niliuma blanketi kwa hasira.

Tulimzika mwanangu migombani, nyuma ya nyumba.

Nilipoanza kutoka tena, nilimkuta mama mkwe sokoni na maharage yake. Anajaza bakuli, anapitisha kiganja juu, anasawazisha kabisa.

"Mama, leo nyongeza iko wapi?" mteja akalalamika.

Mkwe wangu akaendelea kusawazisha. Aliniinulia macho, na mimi niliyekuja na maneno yangu yote tayari nikakaa chini, nikamshikia gunia.